Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Mashindano ya Mataifa Yastahili Hatari Impatayo Mchezaji wa Kulipwa?

Swali hili huulizwa kila mara timu ya Taifa iitapo wachezaji wake. Huulizwa mjini Tunduma katika vibanda vya kuonyeshea mpira, na katika foleni ya malori yangojayo kuvuka kwenda Nakonde. Huulizwa Vwawa na Mlowo watu watokapo shambani na sokoni. Mchezaji ana mkataba na klabu, na klabu ndiyo imlipayo mshahara. Taifa lamwita kwa majuma kadhaa. Huenda akarudi na sifa. Huenda pia akarudi na goti bovu. Je, yafaa aende?

Wengi hujibu upesi. Mmoja husema, “Nchi kwanza!” Mwingine husema, “Tumbo kwanza!” Majibu haya mawili ni mafupi mno, wala hayamsaidii kijana ambaye ndiye atakayeumia. Kwa hiyo tumeona yafaa kulichambua jambo hili kwa utaratibu: tuitazame hatari, tuwasikilize wakatazao na wapendao, kisha tutoe hukumu yetu.

HATARI YENYEWE NI IPI?

Hatari ya kwanza ni ya kuumia mchezoni. Tarehe 18 Januari 2024, mjini Abidjan, Mohamed Salah wa Misri aliumia misuli ya nyuma ya paja katika mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Ghana. Alirudi kutibiwa katika klabu yake ya Liverpool, na Misri ikatolewa na Kongo bila yeye.

Wala jambo hili si la kandanda peke yake. Katika Marekani na Japani na visiwa vya Karibi watu hupenda besiboli, mchezo wa kuupiga kwa gongo mpira mdogo uliorushwa kwa nguvu. Nao wana mashindano ya mataifa, na katika mashindano ya Machi 2023 mambo mawili yaliwatia watu hofu. Edwin Díaz, mrushaji wa Puerto Rico na wa klabu ya New York Mets, alikatika ukano wa goti, si katika kucheza, bali katika kuruka na wenzake kushangilia ushindi. Msimu wake wote wa mwaka ule ulipotea. Siku chache baadaye José Altuve wa Venezuela, mchezaji wa Houston Astros, alipigwa na mpira akavunjika kidole gumba, akakaa nje majuma mengi.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, yaani hatari ya uhai wenyewe. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka uwanjani mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara, akafa. Moyo wake ulikuwa na ugonjwa uliokuwa haujajulikana. Tarehe 8 Januari 2010 basi la timu ya Togo lilipigwa risasi huko Cabinda, nchini Angola, likielekea kwenye Kombe la Mataifa. Kocha msaidizi na msemaji wa timu waliuawa. Mlinda mlango Kodjovi Obilalé, aliyekuwa akichezea klabu ndogo huko Ufaransa, alijeruhiwa vibaya, na kazi yake ya mpira ikaishia pale.

Lakini kwa sisi tukaao mpakani, msiba usiosahaulika ni ule wa majirani zetu. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya jeshi la anga la Zambia, iliyokuwa ikiwapeleka wachezaji Senegal kwa mechi ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, na 18 kati yao walikuwa wachezaji. Kalusha Bwalya na wenzake wachache waliokuwa wakicheza Ulaya walisalimika kwa sababu walikuwa wasafiri kwa njia nyingine.

WASEMAO ASIENDE

Watu wasemao kwamba mchezaji wa kulipwa asihatarishe mwili wake si lazima wawe wachoyo, wala si maadui wa nchi. Wana sababu tatu, nazo zastahili kusikilizwa.

Kwanza, mwili wa mchezaji ndio jembe lake. Mkulima wa kahawa wa Mbozi mti wake ukikauka hupanda mwingine, akangoja miaka michache. Mchezaji hana goti la akiba. Ukano wa ndani ya goti ukikatika, mara nyingi hukaa nje miezi sita, au tisa, au mwaka mzima. Na maisha yake ya mpira, kwa kawaida, hayazidi miaka kumi na mitano. Aliye na mkataba wa mwaka mmoja aweza kuupoteza wote kitandani.

Pili, klabu ndiyo imtunzayo mwaka mzima, ikampa mshahara, chakula na mganga. Kisha yamkabidhi kwa wengine akiwa mzima, na kupokea majeruhi. Kwa kanuni za FIFA, klabu imtoayo mchezaji kwa timu ya Taifa katika siku zilizowekwa haina haki ya kudai malipo kwa kumtoa.

Tatu, mashindano yamekuwa mengi. Ligi, kombe la nchi, mashindano ya klabu za Afrika, mechi za kutafuta nafasi, kisha mashindano yenyewe. Oktoba 2024 chama cha wachezaji wa Ulaya pamoja na ligi za huko walipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Ulaya kwamba FIFA yaongeza mashindano bila kuwasikiliza. Hata viongozi wa mpira wa Afrika wameuona uzito huo: Desemba 2025 CAF ilitangaza kwamba baada ya mwaka 2028 Kombe la Mataifa litachezwa kila baada ya miaka minne, badala ya miwili.

WASEMAO AENDE

Upande wa pili nao una sababu zake.

Ya kwanza ni kwamba yapo mema ambayo fedha haiwezi kuyanunua. Mwaka 1979 Tanzania ilihitaji sare mjini Ndola ili kuingia fainali za Mataifa ya Afrika. Zambia ilitangulia kufunga, kisha Peter Tino akasawazisha, na kwa mara ya kwanza Tanzania ikaenda kwenye fainali hizo, zilizochezwa Nigeria mwaka 1980. Mshahara wa wachezaji wale leo haukumbukwi na mtu; bao lile wazee wa pande zote mbili za mpaka wangali wakisimulia. Tena ikapita miaka 39 mpaka Tanzania kurudi, mwaka 2019 huko Misri. Vizazi viwili vya wachezaji hodari walimaliza kazi yao bila kuiona nafasi hiyo. Je, ni nani kati yao ambaye asingalikubali hatari kidogo ili aipate?

Ya pili, mashindano hayo hujenga watu kuwa wamoja. Tarehe 21 Januari 2024 Tanzania na Zambia zilikutana San Pédro, nchini Côte d'Ivoire. Simon Msuva alifunga mapema, na Patson Daka akasawazisha mchezo ukikaribia kwisha. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya Mataifa ya Afrika yaliyoanza Morocco Desemba 2025, Tanzania ilitoka sare na Uganda na Tunisia, ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikatolewa na Morocco kwa bao moja tu. Furaha hiyo haikuwa ya Simba wala ya Yanga. Ilikuwa ya wote.

Ya tatu, mashindano ni soko. Mchezaji asiyejulikana huonekana na watu wa mbali. Hapa lakini tusidanganyane. Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, aliyeingia Aston Villa Januari 2020, alitoka TP Mazembe kwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, miaka mitatu kabla ya Tanzania kurudi kwenye fainali za Mataifa. Alijulikana kwa ubingwa wa klabu za Afrika wa mwaka 2015, alipokuwa miongoni mwa wafungaji wakuu. Basi kijana asiambiwe kwamba bila timu ya Taifa hana mlango. Mlango upo, timu ya Taifa ni mmoja, tena mzuri, lakini si wa pekee.

TUPAMBANUE HATARI NA HATARI

Tukiisha kuzisikiliza pande zote mbili, twaona kwamba kosa la mabishano haya ni kuchanganya hatari za namna mbili, kana kwamba ni moja.

Ipo hatari iliyomo ndani ya kazi yenyewe. Mvuvi wa Ziwa Rukwa haingii majini bila hatari. Dereva wa lori hateremki mlima bila hatari. Na mchezaji hakimbilii mpira bila hatari. Salah angaliweza kuumia paja lile lile akiichezea Liverpool. Hatari ya namna hii haihukumu kazi kuwa mbaya. Anayeikubali kwa hiari, kwa sababu njema, na baada ya kujiandaa vizuri, hafanyi upumbavu. Atakaye kuiondoa kabisa hatari hiyo atauondoa na mchezo.

Na ipo hatari iliyoletwa na uzembe wa watu. Tazameni tena msiba wa Zambia. Ndege ile ilikuwa imekaa miezi mitano bila kutumika, ikarudishwa kazini siku chache tu kabla ya safari. Ilikuwa ndege ndogo, iliyopaswa kutua kutia mafuta Brazzaville, Libreville na Abidjan kabla ya kufika Dakar. Wachunguzi wa Gabon walieleza baadaye kwamba injini moja ilishika moto, na rubani, aliyekuwa amechoka, akaizima ile iliyo nzima. Vijana wale hawakuuawa na mpira. Waliuawa na safari iliyopangwa vibaya. Ndivyo na basi la Togo, lililopelekwa kwa barabara katika eneo la hatari. Tena Togo ilipoondoka mashindanoni kwenda kuzika, CAF iliifungia mashindano mawili, adhabu iliyoondolewa miezi michache baadaye baada ya watu kupiga kelele.

Hatari ya namna hii yaweza kuzuiwa, nasi twao ushahidi. Baada ya kifo cha Foé, FIFA iliweka utaratibu wa kuwapima wachezaji moyo kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2006. Kipimo hakirudishi maiti, lakini huokoa aliye hai. Basi, aulizaye, “Je, mashindano yastahili hatari?” kwanza na aulizwe, “Hatari ipi?” Ya kazi, ndiyo, yastahili. Ya uzembe, hapana. Wala hakuna bendera wala wimbo uwezao kuihalalisha.

NANI ABEBE HASARA?

Hata hatari ya haki ikitokea, yabaki hasara ya kulipwa. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Kwa kanuni za FIFA mchezaji aitwaye na chama cha nchi yake hana budi, kwa kawaida, kuitika. Na asipoitika hawezi kuichezea klabu yake katika siku hizo, na hata siku tano zaidi. Basi mwito huo si ombi tupu, bali una nguvu ya amri. Nasi twashika kanuni iliyo wazi kwa akili ya kila mtu: mwenye kuamuru ashiriki mzigo wa amri yake. Wakati wa ushindi sisi sote twasema “tumeshinda”. Mchezaji aumiapo twasema “ameumia”. Lugha yetu yenyewe yatushitaki!

Wenzetu wamefanyaje? Katika besiboli mchezaji wa ligi kuu ya Marekani hucheza mashindano ya mataifa mshahara wake ukiwa na bima. Díaz alipovunjika, bima ndiyo iliyobeba mshahara wake wa msimu ule, si klabu wala yeye. Na mwaka ule ule Clayton Kershaw wa Los Angeles Dodgers, aliyetaka sana kuichezea Marekani, alizuiwa kwa sababu bima yake haikupatikana. Wengine wataona huo ni ubaridi wa wafanyabiashara. Sisi twaona una adili ndani yake: hapana bima, hapana kucheza.

Katika kandanda FIFA ina mpango wa kuzilinda klabu. Mchezaji aumiaye akiwa na timu ya Taifa, akakaa nje zaidi ya siku 28 mfululizo, klabu yake hurudishiwa mshahara wake, mpaka Euro milioni saba na nusu kwa jeraha moja. Ni jambo jema. Lakini msomaji aangalie vizuri: fedha hizo huenda kwa klabu, nazo ni za mshahara, gharama za matibabu hazimo. Tena kipimo chake ni mshahara. Tajiri hulindwa kwa mengi, na mwenye mkataba mwembamba hulindwa kwa machache. Kwa yule ambaye mkataba wake waisha angali juu ya magongo, msaada huo si mkubwa.

Kanuni hizo hizo zasema jambo jingine ambalo vijana wetu wengi hawalijui: klabu aliyosajiliwa mchezaji ndiyo yenye wajibu wa kumkatia bima ya ugonjwa na ajali kwa muda wote awapo na timu ya Taifa, pamoja na majeraha ya mechi zenyewe. Na sheria ya nchi yetu haikunyamaza. Tanzania ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko ulioanzishwa kwa sheria hiyo hupokea michango ya waajiri kwa ajili ya wafanyakazi waumiao kazini. Mchezaji mwenye mkataba ni mfanyakazi. Asione haya kuuliza kama jina lake limo.

Jambo hili si la wachezaji wa Ulaya tu. Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN, ambayo huchezwa na wachezaji wa ligi za nyumbani peke yao. Tanzania ilifika robo fainali, ikatolewa na Morocco. Waliocheza pale hawakuwa na mikataba ya mamilioni ya Euro. Walikuwa vijana wa ligi yetu, wengine wakiwalisha wazazi na wadogo zao kwa mshahara huo. Kwao goti ni chakula cha nyumba nzima.

HUKUMU YETU

Basi twajibu hivi. Ndiyo, mashindano ya mataifa yastahili hatari, wala hatumshauri kijana akimbie mwito wa nchi yake. Lakini mwito huo wapata haki yake pale tu waitao wanapoubeba mzigo pamoja na aitwaye. Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Mchezaji wa ngoma hutunzwa kwa zawadi, nasi hatukosi kufanya hivyo: tumezoea kuahidi fedha kwa kila bao. Lakini neno kutunza lina maana ya pili, yaani kuangalia kitu kisiharibike. Hiyo ya pili ndiyo tuliyoisahau.

Mashindano ya Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027 yamepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa ajili hiyo twasema haya kwa kila mmoja.

Kwa kijana mchezaji. Kabla ya kutia sahihi, soma mkataba wako, au mpe mtu ajuaye akusomee. Uliza maneno matatu: nikiumia na timu ya Taifa, nani atalipa matibabu? Mshahara wangu utaendelea kwa muda gani? Cheti cha bima kiko wapi? Na usifiche maumivu ili upangwe. Afichaye jeraha huwadhulumu wenzake na nafsi yake.

Kwa wazazi na ndugu. Mwana wenu akiitwa, furahini. Lakini msimsukume kwenda mgonjwa kwa kuwa mnangoja zawadi.

Kwa klabu. Msimfiche mchezaji kwa vyeti vya uongo vya mganga ili asiende. Mkateni bima ipasavyo, na mpelekeni kwa moyo mweupe.

Kwa viongozi wa chama cha mpira. Neno la mganga liwe juu ya neno la kocha. Safari ipangwe kama ya watu ambao mama zao wanawangoja. Kabla ya kuahidi fedha za bao, wekeni fedha za goti. Na wachezaji wasikilizwe kwa njia ya chama chao, si kwa hisani.

Kwa sisi watazamaji. Klabu na chama wagombanapo, tukumbuke kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Tusimwite msaliti mchezaji asemaye kwamba ameumia. Na yule aliyetupa furaha miaka iliyopita, ambaye leo achechemea mitaani kwetu, tusimpite kama tusiyemjua.

Zambia ilijenga timu mpya baada ya msiba, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Afrika. Tarehe 12 Februari 2012, mjini Libreville, katika jiji lile lile walikofia ndugu zao, iliishinda Côte d'Ivoire kwa mikwaju ya penalti ikatwaa Kombe. Kabla ya mchezo ule wachezaji walikwenda ufukoni kuweka maua. Majirani zetu hawakuacha kucheza. Wala hawakuwasahau waliokufa. Lakini wajane na yatima wa waliokufa walilazimika kudai fidia miaka mingi kabla ya kuipata. Ushindi wa Libreville na tuuige. Kungoja kule kwa wajane kusitokee kwetu. Na ili kusitokee, bima, vipimo na mikataba yatakiwa iwe tayari sasa, kabla jina la mchezaji wa kwanza halijasomwa.